Octavio Dotel, kiguu na njia wa besiboli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Timu 13 ndani ya misimu 15. Wapenzi wengi wa besiboli wanaijua hiyo namba kuliko wanavyomjua mwenyewe. Maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayojirudia kila jina la Dotel linapotajwa, na majibu yameandikwa kwa msomaji anayeufahamu mpira wa miguu vizuri lakini besiboli bado inamchanganya.

Dotel ni nani?

Alikuwa mrushaji wa akiba kutoka Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, aliyezaliwa tarehe 25 Novemba 1973. New York Mets walimsajili 1993 akiwa na miaka 19. Akasota kwenye ligi za chini hadi tarehe 26 Juni 1999, siku aliyocheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Marekani. Mara ya mwisho kurusha ilikuwa 2013 akiwa na Detroit Tigers, na mwaka uliofuata akatangaza kustaafu.

Hesabu yake yote (ngwe na sevu zinaelezwa hapo chini): mechi 758, ngwe 951, sevu 109, ushindi 59 na vipigo 50, na wapigaji 1,143 aliowatoa kwa straiki 3, yaani mirusho mitatu ambayo mpigaji alishindwa kuipiga vizuri. Ukigawanya, ni karibu wapigaji 11 kwa kila ngwe 9. Kwa enzi yake hicho ni kiwango cha watu wachache sana, na hao wachache wengi wao majina yao yanajulikana.

Mrushaji wa akiba anafanya kazi gani hasa?

Mechi ina ngwe 9. Katika kila ngwe timu moja inapiga mpaka watu wake 3 watolewe, kisha zamu inageuka. Mrushaji anayeanza mechi siku hizi anafika ngwe ya 5 au ya 6, mkono unachoka, na hapo ndipo wale wa akiba wanapoanza kuitwa.

Wanakaa bulpeni, eneo lililotengwa pembeni au nyuma ya uzio wa uwanja. Kuna simu ya waya ukutani. Ikilia, kocha wa bulpeni anapokea, anataja jina, na aliyetajwa anavua jaketi na kuanza kurusha kwa mdakaji ili apashe mkono. Ana dakika chache tu. Anaweza kuingia akakuta wapinzani wamejaa kwenye besi zote, vile vituo vya kukimbilia, na mpigaji bora wa ligi ndiye anayemsubiri. Anaweza pia kupasha mkono, simu ikalia tena, akaambiwa akae. Ile mirusho 25 ya kupasha haiandikwi popote, lakini kiwiko kinaihesabu. Warushaji wa akiba hulalamikia jambo hili, na wana haki.

Sevu ni alama anayopewa anayemalizia mechi akiwa analinda uongozi mdogo, kwa kawaida wa pointi zisizozidi 3. Anayepewa kazi hiyo kila siku ndiye anayelipwa vizuri. Waliomtangulia, wa ngwe ya 6, ya 7 na ya 8, hula makombo, ingawa mara nyingi hatari kubwa ya mechi huwa imeshapita mikononi mwao.

Alichezea timu zipi, kwa mpangilio?

Mets (1999), Houston Astros (2000 hadi 2004), Oakland Athletics (2004 na 2005), New York Yankees (2006), Kansas City Royals na Atlanta Braves (2007), Chicago White Sox (2008 na 2009), Pittsburgh Pirates, Los Angeles Dodgers na Colorado Rockies (zote 2010), Toronto Blue Jays na St. Louis Cardinals (2011), halafu Tigers (2012 na 2013).

Kwa nini alihamishwa hivyo? Alikuwa mkorofi au hakuwa na kiwango?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na limekaa upande. Linachukulia kwamba kila timu ilimchoka ikamtupa. Angalia jinsi alivyofika kila mahali. Ukiiacha Mets iliyomlea, timu 6 zilimpata kwa kubadilishana wachezaji na nyingine 6 zilimsainisha akiwa mchezaji huru. Maana yake mara 12 kuna mtu alitoa kitu, fedha au wachezaji wake, ili ampate Dotel. Mchezaji asiyetakiwa hanunuliwi mara 12.

Sababu iko kwenye soko. Kila mwaka, ifikapo mwisho wa Julai, dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa. Timu inayowania ubingwa inajitazama na kuona imekosa mtu wa ngwe ya 7. Timu iliyoshakata tamaa inaye mtu huyo, na haina kazi naye tena, kwa sababu hakuna uongozi wa kulinda. Biashara inafanyika usiku mmoja. Mrushaji wa akiba ndiye mchezaji rahisi kuliko wote kuhamishwa: hahitaji kuzoea mfumo, hahitaji kuelewana na wenzake uwanjani kama kiungo na mshambuliaji. Anapewa mpira, anarusha.

Mwenyewe haulizwi. Mkataba wa wachezaji unampa haki ya kukataa kuhamishwa yule aliyecheza Ligi Kuu miaka 10 na mitano ya mwisho akaicheza kwenye timu moja. Dotel aliipita ile miaka 10 bila shida. Mitano mfululizo kwenye timu moja hakuwahi kuipata. Houston alikaa minne na nusu. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kumlinda mkongwe haikumlinda mkongwe aliyepita timu nyingi kuliko wenzake wa wakati wake.

Thamani yake sokoni ilikuwaje?

Hapa kuna mambo. Ukitaka kujua umri wa mrushaji bila kuangalia cheti cha kuzaliwa, angalia alibadilishwa na nani.

Desemba 1999 Mets walimtoa pamoja na Roger Cedeño na kijana mwingine ili wampate Mike Hampton, aliyekuwa ametoka kushinda mechi 22 msimu huo, na Derek Bell. Juni 2004, kwenye biashara ya timu 3 kwa mpigo, Dotel alikwenda Oakland na Astros wakapata Carlos Beltrán kutoka Kansas City. Beltrán akawapigia homurani 8, yaani mapigo ya kuvuka uzio, kwenye hatua ya mtoano mwaka huohuo. Hizo ni bei za mtu mzito.

Julai 2007, baada ya kiwiko kupasuliwa, Braves walimchukua kwa kumtoa mrushaji kijana Kyle Davies. Julai 2010 Dodgers walitoa vijana wawili, James McDonald na Andrew Lambo. Wiki 7 baadaye Dodgers walikuwa nje ya mbio, wakampeleka Colorado kwa kijana mmoja wa ligi za chini. Na Julai 2011 alikwenda St. Louis akiwa mmoja wa wachezaji 4 waliotumwa pamoja, huku jina kubwa la biashara hiyo likiwa Colby Rasmus aliyekwenda Toronto. Kutoka kulinganishwa na Hampton hadi kuwa nyongeza kwenye kifurushi: miaka 12.

Kichekesho ni kwamba ile biashara ya mwisho, ambayo hakuna aliyeipigia kelele kwa ajili yake, ndiyo iliyompa ubingwa.

Kilele chake kilikuwa lini?

2002, Houston. Mechi 83, ngwe 97 na kidogo, wapigaji 118 aliowatoa kwa straiki, wastani wa kufungwa pointi 1.85 kwa kila ngwe 9. Hakuwa hata mmaliziaji wa mechi. Mmaliziaji alikuwa Billy Wagner, na Dotel alikuwa mtu wa ngwe ya 8. Silaha zake zilikuwa mpira wa kasi uliokuwa ukionekana kama unapanda, na slaida, mrusho unaokatiza pembeni dakika ya mwisho. Mpigaji wa mkono wa kulia alikuwa na siku mbaya.

Ila ukitaka mechi moja ya kusimulia, chukua ya tarehe 11 Juni 2003 kwenye uwanja wa Yankees. Roy Oswalt alianza kwa upande wa Astros, akaumia kinena na kutoka ngwe ya 2. Wakaingia Pete Munro, Kirk Saarloos, Brad Lidge, Dotel, na mwisho Wagner. Watu 6. Yankees hawakupiga hata mpira mmoja wa halali wa kufika besi, wakalala 8 kwa 0. Yankees hawakuwa wamefanyiwa hivyo tangu 1958.

Kwenye ngwe yake ya 8 Dotel alitoa straiki 3 kwa wapigaji wanne. Wanne, si watatu. Sheria inasema straiki ya 3 ikimponyoka mdakaji, mpigaji ana ruhusa ya kukimbilia besi ya kwanza. Akifika anakuwa salama, lakini mrushaji anaandikiwa kama amemtoa. Basi Dotel akalazimika kumtafuta wa nne ili ngwe iishe.

Je, ni kweli alishinda ile mechi ya mvua ya 1999?

Kweli. Tarehe 17 Oktoba 1999, Mets na Braves, nusu fainali, ngwe 15. Dotel, mgeni wa miezi 4 kwenye ligi, alirusha ngwe 3 za mwisho na kufungwa pointi iliyowapa Braves uongozi. Mets wakasawazisha, kisha Robin Ventura akapiga mpira ukavuka uzio besi zote zikiwa zimejaa. Wenzake wakamvamia kwa furaha kabla hajaizunguka njia yote, kwa hiyo ukahesabiwa kama pigo la besi moja tu. Mets 4, Braves 3, na ushindi ukaandikwa jina la Dotel.

Kiwiko kilikuwaje?

Juni 2005 alifanyiwa upasuaji unaoitwa Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, 1974. Kano ya ndani ya kiwiko iliyochanika inawekewa mbadala kutoka sehemu nyingine ya mwili. Kupona kunachukua mwaka na zaidi. Alirudi Agosti 2006 na Yankees, akarusha ngwe 10 tu, wastani wa kufungwa 10.80. Wengi walidhani ameisha. Alicheza misimu 7 baada ya hapo.

Na 2011?

Cardinals walimpata tarehe 27 Julai. Kocha wao, Tony La Russa, alikuwa na tabia ya kubadili warushaji mara nyingi kuliko kocha yeyote, akitafuta mtu anayemfaa mpigaji mmoja aliye mbele yake. Dotel, wakati huo na miaka 37, alikuwa ameshakuwa fundi wa jambo moja: kuwatoa wapigaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto walikuwa wakimwadhibu. Kwa kocha mwingine huo ni upungufu. Kwa La Russa ulikuwa ufunguo wa mlango mmoja, na alikuwa na milango mingi.

Nusu fainali dhidi ya Milwaukee, mechi ya 5, tarehe 14 Oktoba. Cardinals wanaongoza 4 kwa 1, ngwe ya 5, Milwaukee wameshatolewa wawili, wawili wengine wako kwenye besi. Anayekuja kupiga ni Ryan Braun, ambaye mwezi uliofuata alitangazwa mchezaji bora wa ligi yao. Akipiga nje ya uzio, mechi inakuwa sare. Mrushaji wa Cardinals, Jaime García, amebakiza auti moja tu, yaani mpigaji mmoja wa kumtoa, na sheria inamtaka mrushaji anayeanza amalize ngwe 5 ili aandikiwe ushindi. Makocha wengi wangemwachia. La Russa akatoka, akamwomba mpira, akamwita Dotel. Braun akatolewa kwa straiki. Cardinals wakashinda 7 kwa 1, na ushindi ukaenda kwa Dotel.

Fainali waliikuta Texas Rangers, na mechi ya 7 ikalazimika kuchezwa. Chris Carpenter alipotoka mwanzoni mwa ngwe ya 7, Arthur Rhodes akaingia kutoa mmoja, Dotel akaingia kuwatoa wawili, basi. Auti 3 zilizogawanywa na wazee wawili. Rhodes, aliyekuwa na miaka 42, alianza msimu huo na Rangers walewale kabla ya kuachwa Agosti. Yeye angepata pete ya ubingwa hata Cardinals wangefungwa.

Rekodi ya timu nyingi bado ni yake?

Hapana. Alipoivaa jezi ya Tigers kwenye mechi ya Aprili 2012, aliwapita Mike Morgan, Matt Stairs na Ron Villone waliokuwa na timu 12 kila mmoja. Mei 2019 Edwin Jackson akafikisha 14. Rich Hill akamfikia Jackson 2025, akiwa na miaka 45, alipoichezea Kansas City.

Habari ya Jackson inaungana na ya Dotel kwa namna ya ajabu. Yeye pia alikuwa ndani ya ile biashara ya Julai 2011. Asubuhi White Sox walimpeleka Toronto, na Toronto siku hiyohiyo wakampeleka St. Louis. Alikuwa mali ya Blue Jays kwa saa chache, hakuwachezea, hivyo hawakuhesabiwa. Miaka 8 baadaye, timu iliyomvunjia Dotel rekodi ilikuwa hiyohiyo Blue Jays.

Kwa nini 2010 alichezea timu 3 mwaka mmoja?

Pirates walikuwa wabovu, yeye akiwa mmaliziaji wao mwenye sevu 21. Julai akauzwa kwa Dodgers. Septemba Rockies walikuwa bado wanapigania nafasi, wakamchukua (wakati huo biashara za baada ya Julai ziliruhusiwa kwa masharti), ingawa mchezaji anayefika baada ya Agosti haruhusiwi kucheza hatua ya mtoano. Walimtaka kwa wiki mbili tu. Hawakufuzu.

Wachezaji kama hawa wanalipwa vipi?

Vizuri kuliko unavyodhani, na bila uhakika kuliko unavyodhani. Mkataba wake mnono ulikuwa wa White Sox, dola milioni 11 kwa miaka 2. Baada ya hapo ilikuwa mwaka kwa mwaka, akisubiri simu. Kuhusu uzeeni, siku 43 tu kwenye Ligi Kuu zinampa mchezaji haki ya pensheni, na miaka 10 inampa pensheni kamili. Ndiyo maana utawaona warushaji wa miaka 36 wakikubali kwenda popote: miezi michache inaweza kuwa na maana kubwa.

Aliichezea nchi yake?

Ndiyo. Alikuwa kwenye kikosi cha Jamhuri ya Dominika kilichotwaa ubingwa wa World Baseball Classic mwezi Machi 2013, mechi 8 bila kupoteza hata moja. Mwezi uliofuata mkono ukagoma, na msimu wake wa mwisho ukaishia mechi 6.

Alifariki vipi?

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Aprili 2025 paa la ukumbi wa Jet Set huko Santo Domingo liliporomoka wakati mwimbaji wa merenge Rubby Pérez akitumbuiza. Watu zaidi ya 230 walifariki, akiwemo Pérez mwenyewe na mchezaji mwingine wa zamani wa Ligi Kuu, Tony Blanco. Dotel alitolewa kwenye kifusi akiwa hai, akafariki akikimbizwa hospitali. Alikuwa na miaka 51.

Kuna Mwafrika mwenye maisha kama yake?

Yupo. Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, ndiye mrushaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza Ligi Kuu, Juni 2019 na Seattle. Naye ni wa akiba, naye ni kiguu na njia: Baltimore, kisha Hiroshima huko Japani, San Diego, halafu 2023 peke yake Dodgers, Boston na Oakland, kabla ya kutulia kidogo Houston. Afrika Mashariki bado haijatoa mtu wa Ligi Kuu. Iliyo karibu zaidi ni Uganda, ambako Dodgers walisajili warushaji wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, mwaka 2022, kwa kuanzia kwenye ngazi za chini kabisa.

Anastahili kuingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli?

Kwa vigezo vinavyotumika, hapana, na sioni haja ya kulazimisha. Ukumbi ule unawapokea wamaliziaji, tena wachache. Mariano Rivera aliingia 2019 kwa kura zote. Billy Wagner, mwenye sevu 422, alichaguliwa Januari 2025 kwenye jaribio lake la 10 na la mwisho. Kama ilimchukua Wagner miaka 10, mtu wa ngwe ya 8 aliyekuwa akimwandalia mechi hana pa kupita. Wapiga kura wanapima urefu wa kukaa mahali na wingi wa sevu, vitu viwili ambavyo soko lilimnyima Dotel kwa sababu lilimhitaji mahali pengine.